Treni ya Nairobi kwenda Malaba na Kampala kupitia Timboroa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitaja treni ya Timboroa mbele ya watu naulizwa maswali yaleyale, na wengi wanaichanganya na ile ya Kisumu, wengine hawajui kabisa kama abiria waliwahi kupanda treni mpaka Eldoret. Mimi nimezaliwa landhi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi, pale Muthurwa Nairobi, baba alikuwa fundi wa breki karakana, na kila mwaka familia ilikuwa inapata pasi ya kusafiri, sisi pasi yetu ilikuwa ya kwenda kwa shangazi Eldoret. Kwa hivyo haya majibu mengine ni ya kusoma na kuuliza wazee, mengine niliyaona na macho yangu nikiwa dirishani.

Unaongea kuhusu treni gani hasa? Si ilikuwa ile ya Kisumu?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kutoka Nairobi mpaka Nakuru reli ilikuwa moja. Pale Nakuru ndio inagawanyika. Mkono mmoja unaenda Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Muhoroni mpaka Kisumu ziwani, huo ndio wa zamani zaidi. Mkono wa pili unapita Rongai, Maji Mazuri, Equator, Timboroa, Ainabkoi, Eldoret, Turbo, Webuye, Bungoma, Malaba, alafu unavuka kuingia Tororo, Jinja na Kampala. Wakati mimi nakua treni ya abiria ya mkono huu wa pili ilikuwa inaishia Malaba mpakani, hio ndio tulikuwa tunapanda. Baadaye miaka ya 90 ikarudi ya moja kwa moja mpaka Kampala, mara moja kwa wiki, lakini haikudumu.

Ya Kisumu imesimama ikarudi, nitaieleza chini. Hii ya Timboroa ndio haijawahi kurudi kwa abiria, na ndio sababu naandika.

Njia yenyewe ilikuwa inapita wapi, na nini kilikuwa cha kuonekana?

Tuanze Nairobi, mita kama 1,660 juu ya bahari. Tulikuwa tunatoka mchana, jua bado kali, treni inapita nyuma ya nyumba za watu Kibera karibu sana mpaka unaona chakula kikiiva, alafu Dagoretti, Kikuyu, na kuanzia hapo inaanza kupanda polepole katikati ya mashamba. Ukifika Limuru umeshapita mita 2,200, hewa imebadilika, ni majani chai kila upande na ukungu. Uplands pale kulikuwa na kiwanda cha nyama ya nguruwe, watoto wote wa behewa walikuwa wanakijua kwa harufu kabla ya kukiona.

Alafu ghafla ardhi inaisha. Hakuna namna nyingine ya kusema, yaani umezoea miti na vichaka dirishani, treni inakata kona moja, na badala ya vichaka kuna hewa tupu na chini kabisa huko Bonde la Ufa limelala na rangi ya ngozi ya simba, Longonot imekaa katikati na mdomo wake wazi, na vivuli vya mawingu vinatembea juu ya bonde kama mifugo. Treni inashuka ubavuni mwa ukingo taratibu, breki zinalia, na kwa sababu kona ni nyingi ukitoa kichwa unaona injini yako mwenyewe mbele inakunja ikipotea kwenye miti. Baba alikuwa akisafiri na sisi haangalii bonde kabisa wakati huo, anasikiliza magurudumu. Alikuwa anaweza kukwambia behewa gani breki yake inashika zaidi ya wenzake.

Baada ya Kijabe unafika chini, unapita kando ya Longonot, unaona ziwa Naivasha, alafu Gilgil, alafu ziwa Elmenteita na ukingo wake mweupe, na Nakuru tulikuwa tunafika usiku umeshaingia. Nakuru iko kama mita 1,850, kwa hivyo umepanda, umeshuka, na sasa unaenda kupanda tena zaidi.

Ni kweli Timboroa ilikuwa ya juu kuliko zote?

Ya juu kuliko reli zote za Jumuiya ya Madola, hivyo ndivyo ilivyojulikana, na stesheni ilikuwa na kibao cha kusema hivyo. Sio duniani nzima, Peru na China wana reli zinapita zaidi ya mita 4,000. Lakini kileleni karibu na stesheni ya Timboroa reli inafika kama mita 2,785 na hii namba ukiisoma tu haikwambii kitu, kwa hivyo ifikirie hivi: ule mlima Longonot ambao masaa machache nyuma ulikuwa umeuangalia ukiwa chini yake ukiinua shingo, kilele chake ni mita 2,776. Treni ya watu na magunia ya viazi na kuku imepanda mpaka usawa wa kilele cha Longonot. Kutoka Nakuru ni zaidi ya mita 900 za kupanda, na hakuna kamba wala meno ya gia chini ya injini, ni gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma peke yake.

Njiani kulikuwa na stesheni inaitwa Equator, kwa sababu ikweta inapita hapo hapo. Mtu akisikia ikweta anafikiria joto. Hapo kwenye ikweta unavaa sweta mbili.

Kwani kulikuwa na baridi hivyo?

Baridi sana, na hapa niruhusu nikae kidogo.

Kwa kawaida tulikuwa tunapita Timboroa usiku na sisi watoto tumelala, kitu tulichojua ni kwamba mama anaamka anatufunika blanketi la pili. Lakini mwaka mmoja, nilikuwa darasa la nne, ilikuwa Disemba na mvua zilikuwa zimechelewa kuisha, udongo ulikuwa umemwagika juu ya reli huko mbele, tukalala Nakuru ndani ya treni masaa mengi tukingoja njia isafishwe. Watu walilalamika, mzee mmoja alikuwa anaenda mazishi Turbo na alikuwa anatembea tu kwenye korido anaangalia saa, mpaka leo namwonea huruma. Lakini kwa ajili ya hiyo mvua nilipata kitu sikuwa nimewahi kupata, tulipanda mlima alfajiri.

Niliamka sababu ya sauti. Injini ikipanda mzigo mzito inabadilika sauti, inakuwa kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuinua gunia, na treni ilikuwa inaenda polepole mpaka nikawa naweza kuhesabu mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, yakipita. Dirisha lilikuwa limejaa mvuke wa pumzi zetu, nikalifuta na mkono wa sweta. Nje kulikuwa na misitu ya mitarakwa na miti ya kupandwa imepangwa mistari, na harufu ya mbao mbichi kutoka kwa mashine za kupasua mbao ikaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Majani kando ya reli yalikuwa meupe. Nikamwamsha mama nikamwambia kuna chumvi imemwagika nje. Akacheka akasema huo ni umande umeganda, na mimi sikumwamini, kwa sababu barafu nilikuwa najua ni kitu cha kwenye friji.

Alafu kijana mmoja mchunga kondoo, mkubwa kwangu kidogo, amejifunga blanketi na ana mbwa, akaanza kutembea sambamba na behewa letu. Kutembea, sio kukimbia. Tukaangaliana kupitia dirisha kwa muda mrefu, treni haimwachi na yeye haiachi treni, mpaka kondoo zake zikapotea njia akasimama. Stesheni ya mbele mama mmoja alipita chini ya madirisha na birika limefungwa na gunia ili lisipoe, akimwaga chai kwenye vikombe vya bati, na kikombe kilikuwa cha moto mpaka mama akakishika na pindo la leso. Hio chai nimeitafuta kila mahali tangu hapo.

Nani aliijenga? Na ile hadithi ya mabehewa kushushwa na kamba ni ya kweli?

Ni ya kweli. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu, wakati ule ikiitwa Port Florence, ilifika Disemba 1901. Shida kubwa ya wajenzi ilikuwa hapo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Njia ya kudumu ilihitaji muda, na wao walikuwa wanataka vifaa vifike chini bondeni haraka ili kazi iendelee mbele, kwa hivyo wakatengeneza njia ya muda ya kushuka moja kwa moja mlimani, behewa linawekwa juu ya gari maalum lililotengenezwa ili behewa libaki sawa hata kama mlima umesimama, alafu linashushwa na kamba ya chuma. Kwenye sehemu kali zaidi uzito wa behewa linaloshuka ndio ulikuwa unavuta la kupanda. Ilitumika mpaka 1901 njia ya kawaida ilipokamilika.

Upande wa Mau, ile milima ya mkono wa Kisumu, nao ulikuwa na mabonde mengi kiasi kwamba yalihitajika madaraja marefu ya chuma 27 na yalijengwa na kampuni ya Marekani. Mkono wa Timboroa ulikuja baadaye sana, reli ilifika Eldoret 1924, na Kampala 1931 baada ya daraja la Nile pale Jinja.

Lakini waliojenga hasa ni watu. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kufanya kazi ya ile reli ya kwanza na karibu 2,500 walifariki. Wote wanajua habari ya simba wa Tsavo, lakini magonjwa ndio yaliua wengi. Baba alikuwa akituonyesha reli anatwambia kila taruma mtu alilibeba.

Na nyoka wa chuma?

Hii ni habari ya Wanandi na iheshimiwe kama historia yao, sio kama kichekesho cha watalii. Kimnyole arap Turukat alikuwa orkoiyot, yaani kiongozi wao wa kiroho, na inasimuliwa alitabiri nyoka atakayetoka ziwa la mashariki akitema moshi na moto mpaka ziwa la magharibi kuzima kiu, na wageni wataitawala nchi. Yeye aliuawa 1890 kabla reli haijaanza. Mwanawe Koitalel arap Samoei ndiye aliongoza Wanandi kupinga kwa zaidi ya miaka 10, wakikata nyaya za simu na kuchukua chuma cha reli, mpaka tarehe 19 Oktoba 1905 alipouawa kwa kupigwa risasi na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwenye mkutano ulioitwa wa amani.

Shangazi yangu aliolewa kwa Wanandi. Mume wake alikuwa akipanda treni hio hio kwenda Nairobi kila mwezi, na hakuwahi kuipanda bila kutaja jina la Koitalel.

Madaraja ya abiria yalikuwa mangapi na tofauti ilikuwa nini?

Matatu. La kwanza ni vyumba vya watu wawili, la pili ni vyumba vya watu wanne, wanaume kivyao na wanawake kivyao isipokuwa familia imechukua chumba kizima, na kuna shuka na blanketi za kukodi na mtu anakuja kukutandikia. La tatu ni viti tu, na ndio sisi, na ndio watu wengi.

Daraja la tatu lilikuwa na raha na shida zake. Viti vigumu, choo cha mwisho wa behewa usikiongelee ikifika asubuhi. Lakini watu walikuwa wanaongea. Unaanza safari na Mkamba, Mluhya, mama wa Kikuyu na vikapu vyake, askari wa likizo, na mpaka Naivasha mmeshajuana hadi majina ya wajukuu. Basi haina hiyo, kwenye basi unaangalia kisogo cha mtu masaa sita.

Chakula je? Nimesikia habari ya kengele.

Sio kengele, ni kinanda kidogo cha vyuma kama marimba, weita mwenye koti jeupe anapita koridoni anagonga noti tatu nne kuita watu mezani. Behewa la chakula lilikuwa na vitambaa vyeupe mezani na vijiko vizito vyenye herufi za shirika la zamani la Afrika Mashariki, hata miaka mingi baada ya hilo shirika kuvunjwa. Niliingia humo mara moja tu maishani, baba alitupeleka mwaka aliopandishwa cheo, tukala supu, samaki, kuku na pudini, na supu ilikuwa inacheza kwenye sahani kila treni ikikata kona na weita anamimina bila kumwaga tone.

Sisi wa daraja la tatu tulikula cha nyumbani na cha dirishani. Limuru na Uplands ni plamu, karoti na njegere. Naivasha samaki. Ukielekea juu ni viazi, kabeji, maziwa ya mursik ukifika upande wa Eldoret. Mama alikuwa na sheria yake, karoti hazinunuliwi kwa aliyekuja wa kwanza dirishani, zinanunuliwa kwa yule treni ikianza kuondoka, bei inakuwa nusu. Alafu alikuwa anatupa pesa na yule mama anakimbia anaokota na wanacheka wote wawili.

Injini zilikuwa za aina gani?

Mimi nimekulia dizeli. Za mvuke zilizokuwa maarufu ni Garratt, hizi ni injini kama mbili zimeshikana mgongo na boila iko katikati, hivyo zinaweza kukunja kona kali na bado zivute mzigo mkubwa. Kubwa kuliko zote zilikuwa za Class 59, 34 zilitengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester miaka ya 50, kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na hakukuwa na injini ya mvuke kubwa kama hizo kwenye reli yenye upana wa mita moja popote duniani. Hizo kazi yake kubwa ilikuwa Mombasa mpaka Nairobi. Huku juu kulikuwa na Garratt nyepesi zaidi kabla dizeli hazijachukua nafasi.

Baba aliwahi kufanya kazi kwenye 59 mwanzoni kabisa mwa kazi yake, na alisema ukiiwekea breki kiganja unaisikia inapumua hata ikiwa imezimwa.

Kwa nini treni ilisimama?

Hakuna siku moja. Watu wanataka tarehe na mtu wa kulaumiwa, lakini ilikufa kidogo kidogo.

Jambo la kwanza ni 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika shirika la reli likagawanywa, kila nchi na mabehewa yake, na reli iliyojengwa kama mwili mmoja ikawa vipande. Safari ya moja kwa moja ya Nairobi mpaka Kampala ikafa hapo. Ile ya miaka ya 90 iliirudisha kidogo, alafu Uganda ikaacha kubeba abiria wa treni mwishoni mwa muongo huo.

La pili ni barabara. Lami ikawa nzuri, mabasi na matatu yakawa mengi, na treni ambayo inachukua usiku mzima haiwezi kushindana na basi la masaa machache kama mtu ana haraka. La tatu ni uchakavu, mabehewa yalikuwa ya zamani, spea ngumu, reli ya milimani inataka watu wa kuiangalia kila siku, kusafisha mitaro, kukaza vifungo, kuondoa udongo, na watu hao walikuwa wanapungua. Baba alistaafu na kwenye kikosi chake hakuna aliyechukua nafasi yake. Mwaka 2006 reli ya Kenya na Uganda ilipewa mwendeshaji binafsi kwa mkataba uliokuja kuvunjwa 2017, na mizigo ndio ilikuwa biashara, sio abiria. Mapema 2008 kwenye vurugu za baada ya uchaguzi reli iling'olewa pale Kibera, na mtu akiniuliza siku gani nililia kwa ajili ya chuma, ni siku nilipoona picha hizo.

Lakini si treni imerudi? Niliona kwenye habari.

Ya Kisumu ndio ilirudi. Ilikuwa imesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, alafu serikali ikakarabati kilomita 217 za Nakuru mpaka Kisumu na Disemba 2021 abiria wakapanda tena, safari ya wikendi, inatoka Nairobi jioni. Nilienda na watoto wangu. Nilifurahi sana, sitaki mtu afikirie nadharau, watu walikuwa wamesimama kando ya reli wanapunga mikono na wazee wamevaa suti. Kabla hujapanga safari uliza kwanza stesheni, ratiba zinabadilika na mvua kubwa zikija njia inafungwa.

Ila kwa kuwa inatoka jioni, Bonde la Ufa unalipita gizani. Na pale Nakuru inachukua mkono wa Kisumu. Timboroa haiendi.

SGR je, ile reli mpya ya kisasa, si nayo inapita Bonde la Ufa?

Inapita, tangu Oktoba 2019 abiria wanaweza kwenda mpaka Suswa, na ni reli nzuri, laini, safi. Lakini yenyewe inaingia chini ya milima ya Ngong kwa handaki refu na kutokea upande wa pili juu ya madaraja, kwa hivyo bonde unalipata ghafla na unalipita ukiwa na mwendo. Hakuna mama wa karoti kwa sababu madirisha hayafunguki. Mtu aliyeipanda peke yake ataona bonde, lakini hatajua kulishuka kulikuwaje.

Sa hizi naweza kuona nini?

Anzia makumbusho ya reli Nairobi, karibu na stesheni ya zamani, yamekuwepo tangu 1971. Kuna Garratt mbili za Class 59 pale nje, Mount Gelai na Mount Shengena, na moja ya Class 60 ndogo zaidi. Panda kwenye kibanda cha dereva, gusa vyuma. Ndani utaona vyombo vya behewa la chakula, vile vijiko nilivyosema.

Kwa Timboroa lazima uende kwa barabara, ni kwenye njia ya Nakuru kwenda Eldoret. Reli ipo, na treni ya mizigo inaweza kupita, kwa hivyo usitembee juu ya reli na masikio yamezibwa na muziki, na usipande madaraja kutafuta picha. Nenda asubuhi mapema. Nilipoenda mara ya mwisho nilisimama tu pale kwenye majani, hakukuwa na abiria wala birika la chai, lakini baridi ni ile ile na majani yalikuwa meupe.

Nina tiketi na picha za zamani za baba, nifanye nini nazo?

Usitupe na usizilaminishe. Weka kwenye bahasha ya karatasi, sio plastiki, mahali pakavu. Andika nyuma kwa penseli ni nani, stesheni gani, mwaka gani kama unajua, kwa sababu picha isiyo na jina baada ya miaka 20 ni picha ya mtu asiyejulikana. Ongea na makumbusho ya reli, hata kama hutaki kuziacha wanaweza kutengeneza nakala. Na zaidi ya picha, kama mzee wako alifanya kazi reli na bado yupo, mwekee simu mbele urekodi sauti yake akikwambia majina ya stesheni kwa mpangilio. Wa kwangu alikuwa anaweza kuyataja yote kutoka Nairobi mpaka Malaba kwa pumzi mbili, na mimi sikurekodi, sasa nayajua nusu.

Ukipanda ya Kisumu leo, au siku moja ya Timboroa ikirudi, nikae upande gani?

Ukitoka Nairobi kaa kushoto. Bonde liko kushoto, Longonot iko kushoto, Naivasha, Elmenteita na ziwa Nakuru yote yako kushoto. Ukirudi, kulia. Mama alikuwa anatupandisha mapema saa nzima kabla treni kuondoka ili tupate hivyo viti, anatandika leso yake kwenye benchi la dirishani kushoto na kukaa juu yake mpaka sisi tupande, na mtu akimwambia mama upande ule mwingine una kivuli, anamjibu, najua.